Barnaba, Profesa Clark na binti niliyemkatisha tamaa



Swali ninaloulizwa sana na vijana wa nyumbani ni hili: "Mwalimu, wewe umetoka kijijini Songea, leo unafundisha saikolojia chuo kikuu Marekani. Ulifanyaje?" Wengi wanategemea niseme nilisali sana na kusoma usiku kwa kibatari. Kweli nilisali, na kibatari kilikuwepo, kile cha kopo la maziwa kinachotoa moshi mpaka asubuhi unapenga kamasi nyeusi. Lakini wenzangu darasani walisali pia, vibatari vyao vilikuwa vilevile, na wawili watatu walikuwa na akili kunizidi. Wako kijijini hadi leo. Kwa hiyo jibu la sala na kibatari halitoshi. Somo la leo ni juu ya mtu anayekushika mkono, na sehemu yake kubwa ni habari ya siku ambayo mimi mwenyewe niliuachia mkono wa mtu.

Mama yangu aliuza vitumbua nje ya kanisa kila Jumapili baada ya misa ya pili. Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam kusomea ualimu, mimi nilijua safari imeisha. Ningerudi Ruvuma, ningefundisha, ningemjengea mama nyumba ya bati. Saikolojia ya elimu lilikuwa somo mojawapo tu. Siku moja mhadhiri akaniita baada ya kipindi: "Hii insha umeandika mwenyewe?" Nikajua amenishuku. Nikamjibu kwa kutetemeka kwamba ndiyo, mwenyewe. Akasema, "Basi kesho saa nne njoo ofisini kwangu."

Mzee yule alisoma barua yangu ya maombi mara saba. Mara saba! Kila mara inarudi na wino mwekundu. Ada ya kuomba ililipwa kwa dola na kwa kadi ya benki. Mimi kadi nilikuwa sijawahi hata kuishika. Akatoa yake mfukoni, akalipa, na hakuwahi kunidai. Mwaka 2006 nilipanda ndege nikiwa na koti la mtumba nililolinunua Karume. Habari za baridi na upweke nitaziruka, mmeshazisikia kwa kila mtu aliyekwenda Ulaya au Marekani.

Sasa nafundisha katika chuo kimoja jimbo la Kentucky. Mkisikia Marekani mnawaza New York. Kentucky ni farasi, ni mashamba ya tumbaku, na upande wa mashariki ni milima ya Appalachia, ambako watu wamechimba makaa ya mawe vizazi kwa vizazi. Kazi za migodini zilipopungua, umaskini ukabaki pale pale. Na katika mji wa Lexington unaweza kusimama kwenye foleni ya duka ukasikia Kiswahili nyuma yako, maana Wakongo wengi wamepokelewa huko. Wengine wamezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwetu kabisa. Darasani nina kijana mzungu ambaye babu zake wote walikuwa wachimbaji na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kuingia chuo. Pembeni yake amekaa binti mweusi ambaye mama yake anaendesha basi la shule, na nyuma yao Mbembe wa Kivu. Umaskini hauna rangi moja, jamani.

Niliposhika kazi ya kuwalea wanafunzi hawa, nilidhani tatizo lao ni pesa. Pesa ni tatizo, ndiyo, ila serikali ina msaada unaoitwa Pell kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, na upo mpango mwingine uitwao McNair, kwa jina la Ronald McNair, mwanafizikia mweusi aliyekufa katika chombo cha Challenger mwaka 1986. Mpango huo unawaandaa watoto ambao wazazi wao hawakusoma chuo, ili wafike shahada ya uzamivu. Kinachowaangusha wengi ni mambo ambayo hayakuandikwa popote na wenzao wameyanyonya na maziwa ya mama.

Mfano mdogo. Kila profesa hutangaza saa za ofisini, yaani saa ambazo anakaa kuwasubiri wanafunzi. Mtoto wa daktari anajua: ni saa za kwenda kuuliza, kujulikana, kesho na keshokutwa kuandikiwa barua ya kupendekezwa. Mtoto wa mfagiaji akisikia "saa za ofisini" anaelewa kwamba ni saa ambazo profesa ana kazi zake, asisumbuliwe. Basi anakaa mbali kwa heshima! Miaka minne inaisha, hakuna profesa anayelijua jina lake. Mwanasosholojia Anthony Abraham Jack ameandika vizuri juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu wanafunzi maskini katika vyuo vya matajiri. Niliposoma nikacheka peke yangu, maana mimi mwenyewe bila yule mzee kusema "kesho saa nne" nisingegonga ule mlango mpaka leo.

Katika saikolojia mambo haya ndiyo mengi zaidi. Ukitaka uzamivu, alama nzuri peke yake haikufikishi. Wanataka uwe umefanya kazi katika maabara ya utafiti, na mara nyingi kazi hiyo mwanzoni haina malipo. Anayeosha vyombo hotelini jioni ataipata saa ngapi? Wanataka barua tatu za maprofesa wanaokufahamu. Maombi mengi yanafungwa mwezi Desemba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza. Na hili sasa ndilo linawashangaza wote: uzamili mara nyingi unalipia mwenyewe, lakini programu nyingi za uzamivu zinakulipia karo na kukupa posho ya kuishi, nawe unafundisha au unafanya utafiti. Watoto wa maskini wanaogopa ngazi ya juu kwa sababu ya gharama, kumbe gharama iko kwenye ngazi ya katikati.

Hebu niwape habari ya mtu mmoja, kisha nitarudi kwenye kosa langu.

Kenneth Clark alizaliwa mwaka 1914 katika eneo la Mfereji wa Panama. Mama yake, Miriam, alikuwa mwenyeji wa Jamaica. Kenneth akiwa bado mtoto mdogo, mama huyo aliwachukua yeye na dada yake wakahamia New York, mtaa wa Harlem, akashona nguo kiwandani kuwalea, akawa pia mwakilishi wa wenzake katika chama cha wafanyakazi. Kijana alipomaliza shule za chini, washauri wa shule walifanya walichowafanyia watoto wengi weusi: walimwelekeza kwenye shule ya ufundi. Miriam hakukubali. Alikwenda shuleni mwenyewe kuwaambia kwamba mwanawe hatakwenda huko, na Kenneth akaingia sekondari ya kawaida, akafika Chuo Kikuu cha Howard, Washington.

Pale alikutana na mwalimu aliyeitwa Francis Sumner. Huyu naye mnapaswa kumjua. Alizaliwa Arkansas mwaka 1895, hakupata sekondari, wazazi wake walimfundisha nyumbani, na akiwa na miaka 15 akafaulu mtihani wa kuingia chuo. Mwaka 1920 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa saikolojia. Angeweza kukaa na sifa yake akaipaka mafuta. Badala yake aliiongoza idara ya saikolojia ya Howard kuanzia mwaka 1928 hadi kufa kwake, akizalisha wanafunzi. Clark alikuwa anaelekea udaktari wa tiba. Darasa la Sumner likamgeuza. Clark naye akamgeuza Mamie Phipps, binti wa Arkansas aliyekuwa akisoma hisabati, ambaye baadaye akawa mkewe. Wote wawili walipata uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia.

Utafiti wao wa wanasesere ulianzia kwenye kazi ya uzamili ya Mamie. Waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi ni mzuri, yupi ni mbaya, na yupi anafanana nawe. Wengi walimsifu mweupe. Wengine walipofika kwenye swali la mwisho walilia, au walikimbia nje ya chumba. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza kutenganisha watoto shuleni kwa rangi, maandishi ya Clark yalitajwa katika tanbihi ya 11 ya hukumu. Hukumu ilisomwa tarehe 17 Mei. Sumner alikuwa amefariki Januari ya mwaka huohuo. Miezi minne tu! Mimi hili linaniuma kila nikilifundisha.

Na wale wawili hawakungoja mahakama. Tangu mwaka 1946 walikuwa wamefungua kituo huko Harlem, Northside, cha kuwapima na kuwasaidia watoto. Katika kuwapima waligundua kwamba watoto kadhaa waliobandikwa jina la wazito wa akili hawakuwa wazito hata kidogo.

Sasa kosa langu.

Mwaka 2018 binti mmoja, mzaliwa wa Nyarugusu, alibaki darasani wenzake walipotoka. "Mwalimu, niko na ulizo," akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo. Alitaka kusomea uzamivu. Alitaka kuchunguza jinsi familia za kambini zinavyoomboleza ndugu ambao hawakupata kuzikwa. Nimekaa miaka mingi kwenye fani hii na sikuwa nimesikia wazo zuri namna ile kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Nikamjibu hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mwanangu, ni miaka mitano, sita. Takwimu umepata B. Kiingereza chako cha kuandika bado. Mama anafanya usafi hospitalini usiku, na una wadogo wanne. Chukua cheti cha uuguzi msaidizi kwanza, usaidie nyumbani. Mengine yatakuja."

Hakubisha. Mtoto aliyelelewa vizuri habishani na mtu mzima. Alisema, "Asante mwalimu," akachukua mkoba wake, na muhula uliofuata akawa amehama.

Mkinisikiliza hapo mtasema mbona ulikuwa ushauri wa busara. Hata mimi nililala usingizi mzuri usiku ule. Mwaka 2020, wakati wa korona, nilikuwa nafundisha kwa kompyuta nyumbani, na somo lilikuwa ni huyuhuyu Clark. Nikafika pale washauri wa shule wanapompeleka kwenye ufundi. Nikasimama. Wanafunzi wakadhani intaneti imekatika. Mimi nilikuwa nimejiona, tena nimevaa tai.

Wale washauri hawakuwa na pembe kichwani. Huenda wengi walikuwa watu wapole walioona ngozi ya mtoto, wakaona na kazi ya mama yake, wakamwonea huruma, wakamchagulia kidogo. Mimi sikuwa na hata kisingizio cha rangi. Nilikuwa mhamiaji kama yeye, mtoto wa muuza vitumbua. Nilipojihoji mbele ya Mungu, tena kwenye kitubio, niliona huruma ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa jina langu. Barua ya kumpendekeza ingebeba sahihi yangu, na niliogopa angeshindwa huko mbele wakasema yule Mwafrika anatuletea watu dhaifu. Nililinda jina langu kwa maisha ya mtoto wa watu.

Nikampigia simu. Alikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mnakumbuka korona ilivyozipiga nyumba zile. Akasema, "Ngoja mwalimu, nivue glovu." Nikamngojea. Kisha nikamwomba radhi. Wadogo zangu, mila zetu hazijatufundisha mtu mzima kumwomba radhi binti wa miaka 22. Maneno yalinikwama kama mwiba wa samaki. Alikaa kimya, halafu akasema: "Mimi nilifikiri uliona kitu ambacho mimi sikukiona."

Yaani miaka miwili alikuwa akiishi na kasoro ambayo haipo, kwa sababu mwalimu ameiona.

Hapa nataka tufungue Matendo ya Mitume, maana pale kuna mtu ambaye kwa miaka nilimpita haraka nikikimbilia kwa Paulo. Ni Barnaba. Sura ya 4 inasema alikuwa Mlawi mzaliwa wa Kipro, kwa hiyo Yerusalemu alikuwa kama mimi Kentucky, mtu wa kuja. Jina lake halisi ni Yosefu. Mitume ndio waliomwita Barnaba, mwana wa faraja. Sura ya 9, Sauli anakuja Yerusalemu na kila mtu anamkimbia, na kwa haki, maana jana alikuwa akiwafunga watu. Barnaba anamchukua, anampeleka kwa Mitume, anamsemea. Akikosea, jina lake ndilo linaloharibika. Ile sahihi niliyoinyima mimi, yeye aliitoa.

Sura ya 11, Barnaba ametumwa Antiokia, kazi ni nyingi na inakwenda vizuri. Anaiacha kidogo, anakwenda mpaka Tarso kumtafuta Sauli. Hakungoja agonge mlango. Mkienda taratibu mtaona na kitu kingine: mwanzoni inaandikwa "Barnaba na Sauli", lakini kuanzia katikati ya sura ya 13 inageuka, "Paulo na Barnaba". Jina la mlezi limekuwa la pili, na hatusomi popote kwamba alinuna kwa ajili hiyo. Alichogombania, sura ya 15, ni Yohane Marko, binamu yake, aliyewaacha njiani na Paulo hamtaki tena. Barnaba akaachana na Paulo mkubwa ili abaki na kijana aliyeshindwa mara ya kwanza. Na miaka baadaye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo anaagiza aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa. Mimi hapo huwa nasikia kama Barnaba anatabasamu mahali fulani.

Lakini msidhani kulea ni kupapasa mgongo tu. Mwaka 1999 wanasaikolojia watatu, Geoffrey Cohen, Claude Steele na Lee Ross, waliwaomba wanafunzi weusi na weupe waandike barua ya kumsifu mwalimu waliyempenda. Kazi zikarudishwa na masahihisho makali. Walipopewa ukali peke yake, wanafunzi weusi hasa walishuku kwamba msahihishaji ana upendeleo, na hamu ikapungua. Kuongeza sifa za jumla juu yake hakukutosha. Kilichofanya kazi ni mambo mawili kwa pamoja: kuwaambia kipimo chetu kiko juu, na kwamba nimeiona kazi yako na naamini unaweza kukifikia. Tazama basi yule mzee wa Dar es Salaam. Wino mwekundu mara saba, na kadi yake ya benki. Hakuwa amesoma utafiti huo, nadhani. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika wosia wa Kristo Anaishi wa mwaka 2019, anaeleza vijana wenyewe walivyosema wanataka mlezi wa namna gani, na mojawapo ni mtu anayekubali kuwa naye ni binadamu anayekosea. Nilipousoma mara ya kwanza niliona ni maneno mazuri ya Kanisa. Baada ya ile simu nikausoma tena polepole.

Binti alirudi chuoni akiwa bado anafanya zamu. Nilimwingiza maabara kwa nafasi yenye malipo, kidogo lakini malipo. Rasimu yake ya kwanza ya barua ya maombi ilikuwa mbovu kweli, imejaa maneno makubwa ya kuazima. Nikaipaka wino mwekundu yote, na juu nikaandika kwa Kiswahili kwa nini nimeipaka. Tuliirudia mara tisa; nimempita yule mzee. Desemba akaomba vyuo vinane.

Vyote vinane vikamkataa.

Siku ile nilikwenda kwao na mikate miwili na maneno ya faraja niliyoyapanga njiani. Sikupata nafasi ya kuyasema. Mama yake, akiwa anakaanga sambaza kabla ya kwenda kazini, aliuliza tu: "Wamekataa wote munane? Basi si ni kama faili ya wakimbizi. Inarudi, unarudisha." Walingoja miaka 11 kambini, huyu mama. Sisi wenye digrii tulikuwa tumekaa sebuleni kama msibani.

Mwaka uliofuata chuo kimoja kikamkubali, karo na posho. Kabla hajaondoka tulipeleka kazi yetu kwenye mkutano wa wanafunzi, kwenye bango kubwa la karatasi. Mwenyewe alinipigia kuuliza majina yapangweje. Nikamwambia lake litangulie, na langu liandikwe la pili, tena kwa herufi zilezile, maana bado nina kiburi kidogo.

Wiki hii someni Matendo 9:26-30, 11:19-26 na 15:36-40, taratibu, ikiwezekana wawili wawili. Mkimaliza, kila mmoja ataje kwa jina mtu aliyemsemea mahali ambapo yeye mwenyewe asingesikilizwa. Kama bado yu hai, mpigieni simu, salio la shilingi 500 linatosha. Na wewe uliye kidato cha sita au mwaka wa kwanza, mwenye insha au barua ya maombi iliyofichwa chini ya godoro kwa sababu Kiingereza chake kinachechemea: ipeleke kesho kwa mwalimu mmoja, hivyo hivyo ilivyo mbaya. Akikuambia uchukue kitu kidogo kinachokutosha, mshukuru kwa heshima, halafu ipeleke kwa mwalimu wa pili.